Niliwaficha Wageni Parachichi Zilizooza

Nina miaka sabini na moja, ni mgane, mkulima wa parachichi hapa Kitandililo, Makambako. Ndugu wasomaji, mimi ndiye niliyemharibia maisha mwanangu... si mwingine!

Tumaini alifiwa na mume, akarudi nyumbani na watoto. Nikampa shamba, akapanda parachichi. Zilizaa hadi matawi yakainama! Lakini lori la mnunuzi lilikuwa likichelewa, na matunda yakaozea kwenye kreti.

Ndipo tukasikia kuna wageni kutoka Italia na Korea wanatafuta kijiji cha kukijengea chumba cha ubaridi, matunda yakae humo bila kuoza. Mimi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, nikapewa kazi ya kuwaeleza shida yetu. Tumaini akapiga picha: malundo yaliyooza, nzi, mama mmoja akifukia matunda shimoni. Akaenda Njombe mjini kuzichapisha kubwa.

"Baba, Kiingereza si lugha yao. Wataelewa kwa macho," alinisihi.

Nikakasirika. Tangu lini mgeni akaonyeshwa uchafu wa nyumba? Picha zake nikazifungia kabatini. Ukutani nikabandika picha za matunda yanayong'aa na wanakikundi wakicheka. Shida zetu nikaziweka kwenye hotuba ndefu, kwa Kiingereza nilichokariri sekondari.

Nilisoma kwa mbwembwe! "Mwenyekiti kaleta London Kitandililo!" wenzangu walinitania. Wageni walitabasamu tu, macho kwenye picha. Mama mmoja wa Kiitaliano akauliza, neno moja moja, matunda yenu mazuri hivi, tatizo ni nini? Nikamjibu kwa Kiingereza kigumu zaidi... Akatikisa kichwa kukubali. Nami nikadhani ameelewa!

Chumba kilijengwa kijiji kingine. Tuliambiwa wageni wameona sisi hatuna shida.

Tumaini hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, umewaonyesha harusi, msiba ukauficha."

Msimu uliofuata mavuno yake yote yalioza. Akashika shoka, akaikata miti aliyoipanda kwa mikono yake... nami nimesimama pale natazama. Akachukua watoto, akahamia Njombe kufua nguo za watu. Nikipiga simu, wanapokea wajukuu. Yeye hataki kusikia sauti yangu.

Ndugu zangu, mkizungumza na wageni waliojifunza Kiingereza darasani kama ninyi, maneno yawe machache, na picha iseme lile lile mnalolisema. Onyesheni kinachowauma, hata kama ni aibu! Mimi niliilinda heshima ya nyumba... na sasa nimebaki humo peke yangu.