Saa Nne ya Ng'ambo

Ijumaa, saa kumi jioni

"Kesho saa nne," Eevert Lampela alisema. "Wao wakinywa kahawa, sisi tunabeba."

Chumba cha nyuma cha sauna yake kilinuka lami na nyavu za zamani. Mezani alikuwa ameuchora mto Tornio kwa penseli, huku Finland, kule Uswidi, katikati barafu nene ya mwezi wa tatu. Watu wanne waliiinamia ile karatasi. Eevert mwenyewe, kiongozi, miaka sitini na sita, mkono wa kushoto una vidole vitatu. Mpwa wake Mauno, mwili mkubwa, maneno machache. Reijo, aliyeajiriwa ndani ya bohari lenyewe wanalotaka kuliibia. Na Raili Kostamo, dereva.

Bohari lilikuwa Lillfors, ng'ambo ya mto. Mali ilikuwa ugoro wa vikopo, ule wa kubana chini ya mdomo. Uswidi unauzwa dukani kama peremende. Finland kuuza ni kosa, na kwa sababu ni kosa, wanunuzi hawaishi. Babu zao walivusha siagi na farasi usiku wa vita. Wao wanavusha ugoro mchana kweupe.

"Walinzi?" Mauno aliuliza.

"Saa nne kengele inalia, wote wanaingia kwenye kahawa," Reijo alisema. "Mswidi unaweza kumchomea nyumba, kahawa yake ya saa nne haachi. Dakika ishirini. Mlango wa nyuma nautoa komeo, halafu naenda kukaa nao. Nitakula na keki."

"Usishibe sana," Eevert alisema. "Ukitapika utatujua."



"Tunatua wapi?" Raili aliuliza. Aliuliza kwa sababu ndicho alichotumwa kuuliza.

"Gati la boti, chini ya kanisa. Pikipiki tatu za theluji, kila moja na tela lake. Saa nne na nusu tumeshatua. Na simu zenu asubuhi zinaingia kwenye kopo langu. Atakayebaki na simu namzamisha nayo."

Hakuna aliyeuliza saa nne ya wapi. Saa za Finland ziko mbele ya za Uswidi kwa saa moja, na watu wa kijiji cha Vähäkoski wanazaliwa na hesabu hiyo. Kazi ikiwa ng'ambo, saa ni ya ng'ambo. Hata mtoto wa chekechea humwelezi.

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni

Raili alipiga simu akiwa nyuma ya banda la kuni.

Mheshimiwa Karri Saarelma alihamia hapa kutoka Helsinki miaka miwili iliyopita, na suti tatu na ramani moja. Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo. Ramani ile ina maduka makubwa, hoteli, na uwanja wa malori wa kuvutia wateja wa nchi mbili. Ina pia barabara ya kwenda darajani, na barabara hiyo imechorwa mara mbili. Mstari wa bluu unapita kwenye matete. Mstari mwekundu unapita katikati ya jiko la mama yake Raili.

Kura ya kamati ilikuwa Jumatatu. Aliyesimama njiani ni Eevert, mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi, ambaye ardhi ya kando ya mto haiuzwi bila saini yake. Karri alimwita Raili ofisini, akamwekea kidole kwenye mstari mwekundu, akatabasamu. Nipe Eevert na pingu mkononi kwenye gazeti kabla ya Jumatatu, alisema, nami nakupa bluu. Raili alitamani kumvunja kile kidole. Hakukivunja.

"Kesho saa nne wanaingia bohari," alimwambia sasa. "Saa nne na nusu wanatua gati la boti, chini ya kanisa."

"Saa nne. Safi sana, dada."

"Na mstari?"

"Wa bluu. Neno langu."

"Neno nimelisikia. Nataka karatasi."

"Jumatatu utaiona. Mpaka hapo sikujui, hunijui."

Akakata. Wanasiasa wote hukata simu kwa namna moja, wakishapata chao.

Ndani, mama yake, Hilja, miaka themanini na minne, alikuwa mezani na kikombe. Saa ya ukutani juu yake ilionyesha saa kumi na moja. Haikuwa mbovu. Hilja alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha maziwa cha Lillfors, akatundika saa ya Kiswidi jikoni asichelewe, na alipostaafu akakataa kuigusa. Raili alilala, akaamka na kula kwa saa hiyo hadi akawa mtu mzima.

"Ulikuwa unaongea na nani huko kwenye kuni?"

"Mtu wa kazi, mama."

"Mwambie mimi sitoki. Waje na matingatinga yao, watanikuta nimebandika kahawa."

"Hutoki, mama. Nimeshamaliza hilo."

Jumamosi, saa tatu na dakika tano asubuhi, saa za Uswidi

Walikuwa wamejibanza kwenye misonobari upande wa Lillfors, injini zimezimwa. Simu tatu zilikuwa ndani ya kopo la kahawa mfukoni mwa Eevert. Mauno alikuwa amelala juu ya kilima na darubini.

"Mzee," aliita kwa sauti ya chini. "Njagu."

Eevert alipanda kwa tumbo. Raili akamfuata. Ng'ambo, upande wa nyumbani, magari mawili ya polisi yalikuwa yanateremka njia ya kanisa. Yakafika gati la boti. Yakazimwa. Wakatoka watu watano, wakajificha nyuma ya vibanda vya boti, mtutu mmoja ukameta juani.

"Tumechomewa utambi," Mauno alisema. "Tuondoke."

"Tulia."

"Mzee, wako pale pale! Mahali penyewe!"

"Nimesema tulia. Tunawatazama."

Waliwatazama. Baridi iliwapanda magotini. Saa tatu na nusu polisi walianza kupiga miguu chini kujipasha moto. Saa tatu na dakika hamsini mkubwa wao akatazama saa, akatema mate, akapunga mkono. Magari yakapanda kilima na kupotea. Bonde zima lina magari mawili tu siku ya Jumamosi, na kuna walevi wa kukusanya.

Eevert alibana ugoro chini ya mdomo bila haraka.

"Kazi yetu ni saa ngapi?"

"Saa nne," Mauno alisema.

"Kutua?"

"Saa nne na nusu."

"Wao wamekaa pale saa tatu na nusu, wakachoka, wakaenda. Kule nyumbani hiyo ni saa nne na nusu. Mtu wa mto huu ukimwambia saa nne ya bohari, anajua ni ya Uswidi. Hawa wameitwa na mgeni. Mgeni kaambiwa saa nne, akaangalia saa yake. Na aliyemwambia ni mwenyeji, maana hakuona cha kueleza."

Raili alijiona nyuma ya banda la kuni, akisema saa nne, hivyo hivyo, kama anavyomwambia mama yake. Alitamani kujipiga kofi.

"Nani sasa?" Mauno aliuliza. "Reijo?"

"Reijo hana rafiki Mhelsinki." Eevert hakumtazama mtu. "Kazi kwanza. Gati liko wazi, lakini hatutui pale. Nitawaambia wapi."

Saa nne kamili

Kengele ililia ndani ya bohari. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa kidole.

Walibeba bila neno. Maboksi manne kwa mkupuo, Mauno sita. Kutoka ng'ambo ya ukuta zilisikika sauti za vijiko na kicheko cha Reijo, kikubwa kupita kiasi. Tela la kwanza likajaa, kisha la pili.

Saa nne na dakika kumi na moja mwanamke mmoja alirudi kuchukua miwani yake. Akasimama. Mauno akamziba mdomo, akamwinua kama gunia, akamfungia chooni.

"Piga kelele, nirudi," alimwambia kwa Kiswidi kibovu.

Hakupiga kelele. Walisikia tu meno yake yakigongana.

"Umemwonyesha uso," Raili alisema.

"Wewe beba."

"Mjinga wewe! Umemwonyesha uso wako mzima!"

"Raili." Eevert alikuwa amesimama mlangoni na boksi la mwisho. "Leo si wewe wa kumfundisha mtu kuficha uso."

Akatoka. Raili alibaki amekumbatia boksi, na hapo akajua kwamba mzee anajua. Angeweza kuingia chumba cha kahawa, akanyoosha mikono juu. Lakini nani angemtazama mama? Alibeba.

Saa tano na dakika thelathini na tano, saa za Finland

Walivuka kwa kufuata matawi ya misonobari yaliyochomekwa kwenye barafu kuonyesha njia salama. Eevert mbele. Katikati ya mto alikata kaskazini, akaliacha kanisa, akaelekea kwenye nyumba nyekundu yenye sauna ndogo ufukweni.

"Kwangu kuna mama!" Raili alipiga kelele juu ya mngurumo wa injini.

Mzee hakugeuka.

Walizima injini nyuma ya sauna. Eevert akachomoa funguo za pikipiki zote tatu. Akatoa simu ya Raili kwenye kopo, akamnyooshea. "Iwashe. Fungua." Alipoifungua, akaichukua tena, akaiweka kifuani.

"Tugawane kama samaki," alisema.

Desturi hiyo ni ya mto. Wavuvi wakishachota samaki wa siku, hupangwa mafungu sawa chini. Mmoja hugeuka, asione. Mwingine huonyesha fungu na kuuliza ni la nani, na jina analotaja aliyegeuka halibishwi, hata kama ni mtoto, hata kama fungu ni bovu. Watu wamechomana visu hapa kwa mambo mengi, kwa hilo kamwe.

"Geuka, Raili."

Aligeukia mto. Nyuma yake maboksi yaliburutwa kwenye theluji.

"Hili la nani?"

"La Mauno."

Kamba ikakazwa kwenye tela.

"Hili?"

"La Reijo."

Kamba tena. Raili alikuwa analia sasa, na baridi iliyagandisha machozi kidevuni.

"Hili?"

"Lako, mzee. Eevert, nisikilize. Walikuwa wanataka nyumba ya mama. Barabara ingepita jikoni—"

"Nilikuwa naipinga barabara hiyo. Peke yangu. Kwa ajili ya nyumba ya nani?" Akagusa fungu la mwisho kwa buti. "Na hili lililobaki?"

Raili alijipangusa kidevu kwa mkono.

"Desturi ni desturi, binti. La nani?"

"Langu," Raili alisema.

"Umesema mwenyewe."

Simu ikalia kifuani kwa Eevert. Alitazama jina, akaipokea.

"Raili, mjinga wewe!" Sauti ya Karri ilitoka kali hata Raili akaisikia. "Polisi wamerudi mikono mitupu, nimeonekana mpuuzi!"

"Mheshimiwa," Eevert alisema. "Mzigo uko kwa Raili Kostamo, nyuma ya sauna. Na yeye yupo. Walete saa sita kamili. Saa za Finland, mheshimiwa, usipotee tena."

Akairusha simu kwenye theluji. Raili alipogeuka, wanaume wawili walikuwa wameshapanda. Tela la tatu liliunganishwa nyuma ya pikipiki ya Mauno. Pikipiki ya Raili ilibaki bila ufunguo, na mbele yake fungu moja, maboksi kumi na mawili.

"Mauno!" aliita. "Mauno, mwambie!"

Mauno alitazama buti zake. Wakaondoka.

Alianza kuyaburuta maboksi kwenda mtoni, moja moja, kwenye tundu la kuchotea maji. Tundu lilikuwa dogo kuliko boksi. Akapasua la kwanza kwa kucha, vikopo vikatapakaa kwenye barafu vikibingirika. Alikuwa amepiga magoti akivisukumia majini aliposikia magari yakiingia uani. Mawili. Na nyuma yake gari jeupe, na mtu wa suti pamoja na mpiga picha wa gazeti.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Hilja akatokea kizingitini, kikombe mkononi. Aliwatazama polisi, akamtazama Karri aliyekuwa ameshaanza kuipima nyumba kwa macho, akageuza shingo kuitazama saa yake ya ukutani: saa tano.

"Raili!" aliita. "Wageni wako wamewahi saa nzima! Waambie wasubiri, kahawa ya saa sita bado!"