Spika ya Nyuma kwa Mzee Aminieli

Yaliyomkuta Anold, mtoto wa jirani yangu Fortunata, yule kijana mwenye besi nzito kwenye kwaya, nayasema kama yalivyo. Anayebisha apande Vudee akaulize.

Asubuhi ile ilikuwa njema. Anold aliondoka Same mjini kwa bodaboda, kabeba drili, waya na spika, akapanda mlimani Vudee kwa Mzee Aminieli. Mwanawe mzee, Vitus, yuko Dar. Alitaka sebule ya kutazamia sinema, ila spika zote zifichwe ukutani, usionekane hata waya.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa kuficha makelele?"

"Ndiye mimi. Utasikia simba ananguruma nyuma ya kochi!"

"Simba nimewakimbia kule Mkomazi tangu utoto, leo Vitus ananiletea sebuleni!"

Wakacheka. Lakini chumba chenyewe kilikuwa kigumu. Nyumba imeegemea mlima, na ukuta wa nyuma ni mwamba wenyewe, umepigwa plasta. Ukipiga kofi, sauti inagonga, inarudi. Anold akagongagonga kwa kidole, akapata mahali palipolia kama pana uwazi ndani. Akafurahi. Akatoboa. Ndani palikuwa na shimo jeusi, lenye baridi. Spika ya nyuma ikakaa humo kama imepimiwa. Waya wake akauacha unaning'inia, angeuunga baadaye.

Akawasha spika za mbele, akashika kipaza sauti, kama mafundi wote wafanyavyo.

"Moja. Mbili. Moja, mbili."

Nyuma yake, ukutani, kikajibu kitu: "Tatu."

Akatazama waya. Bado unaning'inia.

"Nne." Sauti nyingine. Ya kike, ya kizee.

Mzee Aminieli alikuwa mlangoni, uso kama majivu. Akamsogelea, akanong'ona:

"Umehesabu? Mbele yao?"

Kwetu Upareni wazee hawakuhesabu watu kwa mdomo. Hata mbuzi wao waliwatazama tu, wakajua nani hayupo. Na mle mwambani kulikuwa na mitungi yenye mafuvu ya wazee wa ukoo. Baba yake Aminieli alipobatizwa hakuthubutu kuyazika wala kuyatupa. Alijenga nyumba mbele yake, akaziba kwa plasta, akanyamaza. Aminieli naye akanyamaza.

"Tano."

"Wako saba," mzee akanong'ona. "Waache wamalize. Usitoe sauti, mwanangu. Atakayetoa sauti watamhesabu, na sauti yenyewe watabaki nayo."

"Sita."

Nje ukungu ulishuka hadi dirishani. Chumba kikanuka udongo.

"Saba."

Kimya.

Anold akashusha pumzi. Pumzi tu. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, na spika za mbele zikahema chumba kizima.

Ukuta ukasema: "Nane."

Ilikuwa besi nzito. Mzee aliitambua. Ndiyo iliyomwamkia asubuhi.

Anold akafungua mdomo apige yowe. Hakikutoka kitu. Hakijatoka hadi leo. Jumapili anasimama na wenzake wa kwaya, midomo inacheza, na Fortunata anatazama chini.

Wiki ile ile Vitus alikuja na mchungaji, wakabomoa plasta. Mitungi saba, mikavu, imejaa vumbi. Pembeni umekaa wa nane. Udongo wake ulikuwa bado umelowa, una alama za vidole.

Vudee hawana mfinyanzi. Wa mwisho walimzika mimi nikiwa msichana.