Siri ya Tumbo la Débora

Likizo ya Aprili ilipoanza, Débora aliamka kila siku kabla jua halijachomoza nyuma ya nyumba za Kashikishi, mji mdogo wa wavuvi kando ya ziwa Mweru. Alijitwika beseni na kumfuata mama yake, Pierrette, ufukweni. Wavuvi walikuwa wakirudi kutoka ziwani na chisense, visamaki vidogo vinavyong'aa kama sindano mpya. Mama Pierrette alinunua, Débora akavitandaza juu ya nyavu kuukuu ili vikauke, kisha akabaki kuvilinda. Aliwafukuza mbuzi na kunguru, akavigeuza upande wa pili, na mvua ilipotishia, alivikusanya mbio mbio.

Débora alikuwa na miaka kumi na mitatu. Familia yake ilivuka ziwa Mweru kutoka Pweto, upande wa Kongo, alipokuwa bado anabebwa mgongoni. Shuleni alikuwa amejifunza Kibemba, lugha ya pale, mpaka wenzake wakasahau kwamba alikuwa mgeni. Mama yake, kwa upande wake, alijua Kiswahili tu na maneno machache ya Kibemba ya sokoni. Kwa hiyo kila palipokuwa na mazungumzo marefu, Débora ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mdomo huo haukuwahi kulisema. Kwa miezi mitano tumbo la Débora lilikuwa likimsumbua. Lilitulia wiki nzima, kisha ghafla likajisokota kama nguo inayokamuliwa, likavimba, na kumlazimisha kukimbilia chooni mara tatu au nne kabla ya adhuhuri. Mara nyingine lilifunga kabisa kwa siku kadhaa. Na lilipenda kuanza pale pale kazi ilipopamba moto.

Alhamisi moja mama alikwenda sokoni kutafuta magunia. Samaki walikuwa wametandazwa, na mawingu yalikuwa yakikusanyika juu ya maji. Ndipo tumbo likamshika. Choo cha soko kilikuwa mbali, nyuma ya safu za vibanda. Hatua kumi tu kutoka pale alikaa Mwewa, msichana wa darasa lake, akilinda samaki wa bibi yake. Débora angeweza kusema, "Mwewa, niangalizie samaki, naenda chooni." Lakini Mwewa alikuwa mtu wa kucheka kila kitu. Débora akaondoka mbio bila kusema lolote.

Mvua ilinyesha akiwa bado ndani. Aliporudi, chisense walikuwa wamechanganyika na mchanga na matope. Mwewa alikuwa amejikunyata chini ya turubai na samaki wa bibi yake, wakavu.

"Ulikuwa wapi?" Mwewa aliuliza. "Nilidhani uko karibu. Ningekusaidia!"

Mama Pierrette alifika na magunia yake mikononi. Alitazama nyavu, kisha akamtazama binti yake.

"Débora, ulikuwa wapi?"

"Nililala, mama."

Uongo huo ulimshangaza hata yeye mwenyewe. Lakini aliona ni afadhali kuitwa mvivu kuliko kusema habari za tumbo lake mbele ya watu.

Mama hakupiga kelele. Aliinama, akaokota samaki mmoja, akamnusa, akamtupa. "Bon, haya basi," alisema kwa sauti ndogo. "Kama kazi hii inakuletea usingizi, nitatafuta mutoto mwingine wa kunisaidia."

"Nipe nafasi moja tu, mama. Haitatokea tena."

Débora akajitungia dawa yake. Aliwaza kwamba tumbo likiwa tupu, halitakuwa na kitu cha kufanyia fujo. Akaanza kuwagawia wadogo zake ugali wake, na maji akanywa mafunda mawili matatu tu kwa siku. Siku ya kwanza alijiona mshindi. Siku ya pili kichwa kilikuwa chepesi. Siku ya tatu, akiwa amebeba beseni kutoka kwenye mtumbwi, alianguka ndani ya maji ya kina kifupi, samaki wakielea kandokando yake.

Mama Pierrette aliacha kila kitu mikononi mwa bibi yake Mwewa, akamkimbiza binti yake zahanati.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Eness. Alizungumza Kibemba, taratibu, akiandika. Alimuuliza Débora kama anapata choo vizuri, mara ngapi kwa siku, na tangu lini.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Débora alijibu, "Anasema... labda ni malaria kidogo."

Eness akaweka kalamu chini. Neno malaria halihitaji mkalimani. "Mimi sikusema malaria," alimwambia Débora kwa Kibemba. "Mwanangu, mama yako hanielewi, na mimi simwelewi. Wote wawili tunakutegemea wewe. Ukipindisha maneno, nitakupa dawa ya ugonjwa usio wako."

Débora alitazama vidole vya miguu yake, vilivyokuwa bado na mchanga wa ufukweni. Kisha akageuka kwa mama yake na kusema yote kwa Kiswahili, haraka haraka, kabla ujasiri haujamwisha: maumivu, kukimbia chooni, siku za kufunga, mvua ya Alhamisi, na chakula alichokuwa akiwagawia wadogo zake.

Mama Pierrette alimsogelea. "Kwa hiyo haukulala."

"Sikulala, mama. Niliona haya."

"Haya ya tumbo? Kwangu mimi?" Mama alimshika shavu. "Nani alifua nguo zako za utoto katika ziwa hili hili? Mimi nimeyaona yote, mutoto wangu, na sikufa."

Débora akacheka huku machozi yakimtoka.

Eness alimpima damu na choo. Majibu yalipotoka, hakukuwa na minyoo, kichocho wala homa ya matumbo. Alimtaka arudi mara mbili zaidi kabla ya kutoa kauli yake. "Utumbo wako ni mwepesi kukereka," alieleza. "Huu si ugonjwa wa kuambukiza, wala hauharibu mwili wako. Lakini hauponi kwa kuufunika. Kujinyima chakula kunauchokoza zaidi, na hofu vile vile. Kula kidogo kidogo kwa saa zilezile. Kunywa maji safi. Andika unachokula na siku tumbo linapokushika, utaona lenyewe linachokataa. Na ukiona damu, ukipata homa, au ukikonda, usingoje, njoo hapa."

Débora aliandika kwa majuma mawili katika daftari la zamani la hesabu. Aligundua kwamba maharage ya usiku na mandazi yenye mafuta mengi yalimletea taabu, wali na viazi vitamu havikumdhuru. Aligundua pia kwamba siku alizokuwa na wasiwasi zilikuwa mbaya hata kama hakula kitu kibaya. Basi akamwambia Mwewa. Mwewa alicheka, ndiyo, kwa kuwa yeye alicheka kila kitu, kisha akasema, "Si ungeniambia tu? Nenda, nitalinda samaki wote." Tangu siku hiyo wakalindiana.

Mwishoni mwa likizo chisense wakaadimika Kashikishi. Ilisemekana kwamba kambi za wavuvi za kisiwa cha Chisenga zilikuwa nao wengi.

"Nitaenda peke yangu," Mama Pierrette alisema. "Boti haina choo, Débora."

"Na Kibemba je? Utazungumza na wavuvi kwa vidole?" Débora alikuwa amekwisha kufikiri. "Nitakwenda, mama. Najua nitakavyofanya."

Jioni hiyo alikwenda kwa Papa Valère, mwenye boti, mtu mnene wa Pweto mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Papa, nina ugonjwa wa tumbo. Hauambukizi, lakini unaweza kunishika njiani. Nikikuomba usogeze boti kando, tafadhali usogeze."

"Bon," alisema Papa Valère, akaendelea kufunga kamba zake. Débora hakujua kama amekubali au amemdharau.

Asubuhi alikula wali kidogo, akaenda chooni mapema, akapanda boti pamoja na mama na wanawake watano wachuuzi. Nusu ya safari tumbo likaanza kujisokota. Alivuta pumzi polepole na kuitoa polepole, kama Eness alivyomfundisha. Likatulia kidogo, likarudi kwa nguvu. Débora akanyanyua mkono mbele ya wote.

"Papa Valère, tafadhali."

"Tutakuta samaki wameisha!" alilalamika mama mmoja. Lakini boti ilikwisha kugeuka kuelekea kwenye matete, penye kisehemu cha nchi kavu.

Débora aliporudi, uso ukiwaka, yule mama alikuwa bado ananung'unika. "Papa Valère, hapa ni mahali pako pa kusimama kila safari. Jana injini ilipata moto, juma lililopita injini ilipata moto. Leo ni mutoto."

Papa Valère alijifuta jasho. "Injini hii haijawahi kupata moto hata siku moja," alisema. "Ni tumbo langu. Mwaka wa kumi na nane huu."

Wanawake wakaangua kicheko hata boti ikayumba, naye Papa Valère akacheka kuliko wote. "Nimewadanganya ninyi watu wazima miaka yote hiyo," alisema, "na huyu mutoto amekuja mpaka mlangoni kwangu kuniambia ukweli!"

Kule Chisenga Débora alifanya kazi yake. Mvuvi mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa Kibemba awape hao Wakongomani samaki wa jana. "Samaki wa jana kuleni wenyewe," Débora alijibu kwa Kibemba safi. "Sisi tunataka wa leo." Wavuvi wakapigwa na butwaa, wakaleta mabeseni mengine. Wachuuzi wote sita wakarudi na samaki wabichi.

Boti ilipokaribia Kashikishi, Papa Valère aliuliza kwa sauti ya chini, "Muuguzi anayekutibu anapatikana siku gani?"

"Jumanne, papa. Nitakwenda nawe, nikutafsirie."

Mama Pierrette alimvuta binti yake karibu. "Umesikia, Débora? Ugonjwa si kosa, na hakuna aliyeuchagua. Lakini ulipouficha, ulitupotezea samaki, ukapoteza nguvu zako, na nusura upoteze kazi yako. Uliposema ukweli na kujipanga, umefika Chisenga na kurudi, na mutu mukubwa mwingine atapata msaada. Tumbo litakushika tena, hilo tunalijua. Likikushika, sema, jitunze, kisha rudi kazini."

"Ndiyo, mama," alisema Débora. Boti ikagusa mchanga. Akaruka chini wa kwanza, akashika kamba, akaanza kuivuta.