Mkono wa Kushoto wa Mkunga

Safari yangu ya kwenda kazini ni fupi kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Naamka, napita sebuleni, nafungua mlango, nimefika. Cherehani yangu iko barazani. Majirani wananiita Fundi.

Msafiri wa nyumba hii ni mke wangu. Yeye ni mkunga hospitalini. Kila asubuhi anaitoa skuta yake sebuleni, maana usiku inalala ndani na sisi kama mtu wa familia. Anafuta kiti. Anavaa kofia ngumu na kufunga mkanda wa kidevuni. Kisha anabonyeza kitufe, na skuta inaamka.

"Fundi, usiunguze nguo za watu leo," ananiambia.

"Niliunguza moja tu!"

"Ndiyo hiyo bwana harusi alikuwa anaisubiri."

Anacheka, anageuza mkono wa mafuta, anaondoka. Mimi nabaki na uzi mdomoni nikimtazama mpaka anakata kona. Sijazoea mpaka leo. Mke wangu anaruka juu ya magurudumu mawili kwenda kupokea watoto wa watu! Jamani, mimi hata baiskeli ilinishinda.

Siku moja alirudi akiwa na uso unaong'aa.

"Wamenipa kituo kipya," alisema. "Kile cha ng'ambo ya mlima. Nitakuwa mkunga wa kwanza kule."

Nilifurahi mpaka nikasahau kuzima pasi. Kisha nikakumbuka ile barabara. Ni ya changarawe, inapanda, inashuka, ina mawe kama ngumi. Wanawake wa kule walikuwa wanabebwa kwenye machela kuvuka mlima wakiwa na uchungu. Wengine walijifungulia njiani. Mke wangu aliijua habari hiyo vizuri kuliko mimi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwapokea.

Kituo hakikuwa na nyumba ya kulala wafanyakazi. Ilimbidi aende na kurudi kila siku. Akajaribu na skuta yake. Magurudumu yake ni madogo, yakawa yanatumbukia katika kila shimo. Katikati ya mlima ikachoka kabisa, akaisukuma hadi nyumbani.

Wakubwa wake walimwambia waziwazi: "Unaanza Jumatatu ijayo. Ukiona usafiri unakushinda, sema mapema tumpeleke mwingine."

Hapo ndipo shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alipokuja na pikipiki yake. Shemeji ni dereva wa lori, na pikipiki ilikuwa imekaa tu kwake. Ilikuwa ndefu, ina magurudumu makubwa, ina gia.

"Chukua, dada," alisema. "Hii inapanda hata ukuta."

Akamfundisha pale pale uani. "Mkono wa kushoto ni klachi. Unabana, unabadilisha gia kwa mguu wa kushoto, unaachia polepole. Mguu wa kulia ni breki ya nyuma."

"Na hii ya mkono wa kulia?"

"Breki ya mbele. Hiyo achana nayo. Ukiigusa inakurusha kichwa chini miguu juu."

"Hata kwenye skuta siigusi," alisema mke wangu. "Natumia ya mkono wa kushoto tu."

Alijifunza haraka. Alizunguka uani mara kadhaa bila pikipiki kuzimika. Shemeji akapiga makofi. Mimi nikapiga makofi. Watoto wa majirani waliokuja kutazama wakapiga makofi. Mke wangu akasema, "Panda, Fundi, twende mpaka sokoni."

Nikavaa kofia ngumu, nikapanda nyuma. Nilijikaza kiume.

Tulikwenda vizuri kabisa. Tukafika kwenye mteremko wa njia panda. Ghafla mzee mmoja akatokea mbele yetu akisukuma mkokoteni uliojaa madumu ya maji.

Mke wangu alipiga kelele. Niliona mkono wake wa kushoto ukibana kwa nguvu zote. Nikangoja tusimame. Wapi! Pikipiki ilizidi kuteremka. Injini ikanguruma, na sisi tukawa tunakwenda mbio zaidi.

"Breki!" nilipiga ukelele.

"Nimebana! Nimebana!"

Akakata usukani. Tukaupita mkokoteni kwa upana wa kiganja, tukaingia katika rundo la mchanga nje ya nyumba inayojengwa. Nilijikuta nimekaa juu ya mchanga kama mtu aliyekuja kupumzika. Mke wangu alichubuka kiwiko. Mzee wa mkokoteni alikuwa mzima. 

Tuliirudisha pikipiki nyumbani kwa kuisukuma. 

"Breki yako mbovu!" nilimfokea shemeji.

"Mbovu wapi? Juzi tu nimebadilisha!" Akaisukuma pikipiki, akakanyaga breki. Ikasimama papo hapo.

Mke wangu alikaa kwenye ngazi, akavua kofia ngumu. "Kesho naenda kuwaambia wampeleke mwingine," alisema. "Nilikuwa karibu kuua mtu. Kazi yangu si hiyo."

Nilimtazama, roho ikaniuma. Nilimjua. Alikuwa anakitaka kile kituo kuliko kitu chochote.

Kelele zetu zilimleta jirani yetu ukutani, tukamsimulia yote. Tunamwita Mama Taratibu. Anafundisha katika chuo cha udereva, na neno lake ni hilo hilo moja, taratibu, ingawa sauti yake inaweza kuamsha mtaa mzima.

"Mkunga," aliita, "ulipomwona yule mzee, ulibana mkono gani?"

 Mke wangu aliinua mkono. Sote tukautazama. Ulikuwa wa kushoto.

"Na kwenye skuta yako, mkono wa kushoto ni nini?"

"Ni breki."

"Na kwenye pikipiki hii?"

Mke wangu alifumba macho. "Klachi," alisema polepole. "Mama yangu! Nilibana klachi."

"Basi uliitenga injini na gurudumu. Pikipiki ikawa huru kuteremka. Na mkono wako wa kulia ulikaza mafuta kwa hofu, ndiyo maana ikanguruma."

"Lakini nilijua! Kaka ameniambia leo hii hii!"

"Kichwa chako kilijua. Mkono haukuwa na habari. Miaka yote umeufundisha kwamba kushoto ni kusimama, na kwenye hatari mkono hauulizi kichwa. Unafanya ulichozoea. Haya, acha kujilaumu. Kesho uje chuoni, na wewe Fundi uje. Na wewe dereva wa lori, wewe hasa usikose!"

Uwanja wa chuo ulikuwa wazi, wa lami, bila mtu. Pikipiki zilipangwa ukutani. Mama Taratibu alitupitisha kwenye kila moja kama mtu anayetambulisha wageni.

"Hii ni skuta. Breki zote mbili ziko mikononi. Hii ndogo ina gia lakini haina klachi ya mkono, kwa hiyo kushoto hakuna cha kubana kabisa. Hii ni ya gia na klachi, kama yenu. Na hii ni ya umeme."

Akawasha ile ya umeme. Mimi sikusikia kitu. Akaondoka nayo, ikapita mbele yangu kimya kimya, nikaruka nyuma. Pikipiki bila sauti! Nilibaki mdomo wazi.

"Hii nayo ina breki mikononi, kama skuta," alisema aliporudi. "Mnaona? Zote ni pikipiki, lakini kila moja ina mikono yake. Anayebadilisha aina lazima aanze upya kama mwanafunzi. Kwanza injini ikiwa imezimwa, halafu uwanja mtupu, barabara mwisho kabisa."

Kisha akachora mstari kwa chaki. "Sasa tazameni breki."

Alikuja kwa kasi juu ya pikipiki ya gia. Gurudumu la mbele lilipogusa mstari, akakanyaga breki ya nyuma peke yake. Tairi ikaburuzika, nyuma ikacheza huku na huku, akasimama mbali sana. Shemeji akaweka jiwe pale.

Akarudi kwa kasi ile ile. Safari hii alitumia mguu wa kulia na mkono wa kulia pamoja. Pikipiki iliinama mbele kidogo, kama mtu anayesalimia wakubwa, ikasimama. Haikufika hata nusu ya njia ya lile jiwe.

 Mimi ni mtu wa kupima vitambaa, macho yangu hayadanganywi na urefu. Nilitembea kutoka aliposimama Mama Taratibu hadi kwenye jiwe, nikarudi.  Nafasi hiyo ingetosha mzee na mkokoteni wake, na madumu yote.

"Haiwezekani," alisema shemeji. "Breki ya mbele inarusha mtu!"

"Gari likifunga breki ghafla, wewe uliyesimama ndani unaegemea wapi?"

"Mbele."

"Na pikipiki ni hivyo hivyo. Uzito wote unakwenda mbele, gurudumu la mbele linakandamizwa chini na kushika barabara vizuri. Lile la nyuma linakuwa jepesi. Breki kubwa ni ya mbele. Inamrusha anayeinyakua kwa pupa. Usiinyakue. Ibane taratibu, kisha ongeza, kama unavyokamua chungwa."

"Na kwenye changarawe?" aliuliza mke wangu. Nilifurahi kusikia swali hilo.

"Swali zuri! Kwenye changarawe, mchanga au matope, tairi haishiki vizuri. Punguza mwendo kabla ya mteremko na kabla ya kona. Teremka na gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia. Breki zote mbili, lakini kwa wepesi zaidi, pikipiki ikiwa imenyooka. Usiteremke umebana klachi. Klachi inangoja mwisho, unapokaribia kusimama, ili injini isizimike."

Shemeji aliomba ajaribu. Alirudi macho yamemtoka. "Miaka yote hii," alisema, "nimeendesha na nusu ya breki!"

"Na bado ukafungua shule uani kwa dada yako," alisema Mama Taratibu.

Wiki nzima mke wangu alikwenda uwanjani kila alipotoka kazini. Skuta aliiacha nyumbani, akawa anakwenda hospitalini kwa miguu.

"Usiichanganye mikono yako," Mama Taratibu alimwonya. "Kwanza izoee hii."

Kabla ya kuwasha aligusa kila kitu na kukitaja kwa sauti: "Kushoto klachi. Kulia breki ya mbele. Mguu wa kushoto gia. Mguu wa kulia breki ya nyuma." Kisha aliendesha polepole, akasimama. Akaongeza mwendo kidogo, akasimama. Mama Taratibu alikuwa anapiga makofi bila kumwambia ni lini, na kila makofi yakilia ilibidi asimame. Siku za kwanza mkono wa kushoto ulikuwa unawahi. Siku zilizofuata ukatulia.

Halafu mimi nikapandishwa nyuma. "Abiria ni mzigo, pikipiki inasimama mbali zaidi," alisema Mama Taratibu. "Na huyu Fundi amenenepa." Nilivumilia.

Mwishowe Mama Taratibu alivuka naye mlima, kila mmoja na pikipiki yake. Waliporudi, mwalimu alisema, "Sasa nenda."

Jumatatu nilifunga kazi, nikamsindikiza. Tulipanda mlima asubuhi. Pikipiki haikulalamika hata kidogo. Juu kabisa niliona bonde lote na bati jipya la kituo, dogo kama kitufe cha shati.  Nilimshika mke wangu kiunoni kwa nguvu zaidi.

Tukaanza kushuka kwa gia ndogo. Tulipomaliza kona ya mwisho, mwanamke alitoka nyuma ya ukuta, akaingia katikati ya njia. Alikuwa ameinama, ameshika tumbo, hakutuona kabisa.

Sikupiga kelele. Sikuwahi. Nilihisi pikipiki ikiinama mbele taratibu, ikinyooka, ikatulia. Changarawe ikalia chini yetu. Tulisimama. Kati ya gurudumu na yule mama palikuwa na nafasi ya mtu kupita.

Mke wangu aliitazama mikono yake. "Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "sikufikiria. Imefanya yenyewe."

Kisha akaona. Yule mama alikuwa na uchungu. Alikuwa anakwenda kituoni, peke yake, kwa miguu.

"Shika pikipiki!" aliniambia, akashuka. Akamkumbatia begani. "Pole, mama. Mimi ndiye mkunga wako. Twende taratibu, tumefika."

Wakatembea pamoja hadi mlangoni. Mimi nilifuata nyuma nikiisukuma ile pikipiki kubwa, jasho likinitoka.

Nilikaa nje kwenye benchi. Jua lilipanda, likawa kali. Halafu nikasikia sauti ndani, nyembamba, yenye hasira, sauti ya mtu ambaye hakuwapo duniani asubuhi ile. Machozi yalinitoka, sikuona haya.

Baadaye mke wangu alitoka akikausha mikono kwa taulo.

"Msichana," alisema. "Mama mzima, mtoto mzima."

 Niliichukua mikono yake yote miwili, wa kulia na wa kushoto, nikaishika.