Kamba ya Kupimia Maji

Rafiki yangu Abdiel, Mchaga wa Machame niliyepanga naye Kaloleni, si mtu wa kutunga mambo. Mwaka tisini na tatu, kila mtu Arusha alipokuwa anafungua kampuni ya utalii, bosi wake Mustansir aliwaahidi wageni mahali pa kuogelea na miwani na mrija, wakitazama samaki.

Abdiel akatumwa Pangani kutafuta maji maangavu. Alibeba sahani nyeupe aliyoifunga mwishoni mwa kamba ya mafundo sita, aliyoyakaza kwa meno. Aliizamisha sahani, akihesabu mafundo mpaka ipotee machoni; mafundo mengi, maji maangavu. Wiki nzima sahani ilipotea kabla ya fundo la kwanza. Tope tupu!

"Jaribu Ziwa Duluti hapa jirani," bosi alifoka Abdiel aliporudi Arusha. "Wageni wanafika kesho. Ukikosa maji, na kazi huna."

Saa nane mchana Abdiel alikuwa peke yake mtumbwini, katikati ya ziwa, anasonya. Maji yalikuwa ya kijani kizito, na sahani ikapotea palepale. Kwa hasira akaiachia kamba yote ishuke gizani.

Ndege wa msitu uliozunguka ziwa wakanyamaza. Kamba ikamtekenya kiganjani, ikatulia, ikamtekenya tena, mpaka mara sita.

"Hata samaki wananichezea!" alisema, akavuta.

Kamba ilipanda laini, haina hata fundo moja kati ya yale sita. Sahani ilikuwa bado mwishoni, imefungwa vizuri kuliko alivyoifunga yeye.