Risasi Hailii

Siku Dobi, kijakazi wa kufua nguo, alipokutana na Mhunzi, soko lilikuwa limefurika watu waliokuja kwenye mnada wa watumwa, naye alikuwa amejitwika shuka sita nyeupe za bibi mkubwa. Mhunzi alichomoza kichochoroni na gunia la makaa, wakagongana, na shuka zote zikamwagika kwenye masizi. Dobi aliziangalia tu. Alishajua mgongo wake utafanywa nini.

"Bwana wako anakaa wapi?" Mhunzi akauliza.

"Unataka kwenda kumwamkia?"

"Nataka kumwambia kosa ni langu."

Akaenda kweli. Naye pia alikuwa mtumwa, mali ya tajiri mwenye karakana ya pingu, kwa hiyo hakuna aliyeona tabu kumchapa. Walimpiga viboko ishirini uani, Dobi akitazama. Alipoinuka, mwanamume mrefu mwenye mabega mapana na kope zilizoungua kwa cheche, alivaa shati lake lililotoboka akamkonyeza. Dobi alimpenda papo hapo. Anayeshangaa basi hajawahi kupokewa kiboko na mtu.

Tangu hapo kila safari ya kisimani ilipitia karakanani. Mhunzi alimwita sabuni yangu, naye alimwita chungu changu cha masizi, wakacheka kama watu wasio na bwana. Kero ya Dobi ilikuwa moja tu, yule rafiki wa Mhunzi, mzungu maskini aliyepakana naye ukuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Mpiga Chapa. Alimfundisha Mhunzi kusoma, Mhunzi akamtengenezea mashine yake, na miaka saba walikula sahani moja, mlango ukiwa umefungwa. Dobi hakumwamini hata kidogo. Matangazo ya mnada yanachapwa na mikono ile ile, alimwambia Mhunzi. Mhunzi akajibu kwamba anajua, na pingu je, zinatengenezwa na mikono ya nani?

Halafu kaka yake Dobi, mchukuzi wa bandarini, akauzwa migodini pamoja na wenzake kumi na mmoja. Huko mtu hamalizi miaka miwili. Dobi alikimbia hadi ua wa karakana, akamkuta kaka yake mguu uko juu ya fuawe, nyapara amesimama na mjeledi, Mhunzi ameinua nyundo akaze ribiti, msumari wa kufungia pingu. Nyundo iliikosa ribiti. Ilimpata kaka yake kwenye kifundo, damu ikaruka.

"Lia," Mhunzi alimwambia. "Nimesema lia."

Kaka yake akalia, nyapara akacheka. Dobi aliuvuka ua, akamtemea Mhunzi mate usoni na kumzaba kofi. Nyapara alipomkamata nywele, alimng'ata kidole mpaka meno yakagusa mfupa. Walimpiga hadi akazimia. Alipozinduka aliambiwa bibi mkubwa amemuuza, naye ataondoka na msafara huo huo asubuhi.

Asubuhi ikawa zamu ya mguu wake. Mhunzi alipiga magoti mbele yake, na nyapara, kidole kimefungwa kitambaa, alikuwa mbali kidogo akiwakagua walinzi wanne.

"Usinishike," Dobi akasema.

"Nisikilize kwanza mpenzi, unichukie baadaye. Ribiti hii si chuma, ni madini laini ya risasi. Ni herufi za Mpiga Chapa, tumeziyeyusha wiki nzima tukazipaka masizi. Ukiipiga kwa jiwe inakatika."

"Mbona ulimpiga kaka yangu?"

"Chuma kikigongwa kinalia, na yule anaujua mlio wake. Risasi hailii. Lazima mtu alie badala yake."

Dobi alijisikia mdogo kuliko sindano. Akamuuliza kwa nini hakumwambia mapema.

"Ungenitemea mate namna ile kama ungejua?"

"Piga," Dobi akasema.

Nyundo ikashuka kifundoni, naye akalia kwa sauti, kwa maumivu na kwa aibu. Kosa lake lilikuwa moja: alilia huku akimtazama Mhunzi usoni, na macho yake hayakuwa ya mtu anayechukia. Nyapara hakuwa mjinga. Alikuja, akainama, akaisukuma ncha ya kisu kwenye ribiti. Kisu kikazama. Kabla hajapaza sauti, Mhunzi alimpiga nyundo ya sikio, na fuvu likabonyea.

Basi ua ukachafuka. Dobi na wale wanaume kumi na wawili waliokota mawe wakazipasua ribiti zao, na walinzi wakawaingilia kwa mapanga. Watumwa wawili walikatwa shingo kabla hawajasimama. Kaka yake Dobi alimnyonga mlinzi mmoja kwa mnyororo uliokuwa wake. Mpiga Chapa alifungua lango la nyuma, kulikokuwa na mkokoteni wake wa punda. Mlinzi aliyemfikia alisita alipoiona rangi yake. Kisha akamwita msaliti na kumchoma upanga tumboni. Jiwe la Dobi likamvunja mlinzi yule taya.

"Mwache huyo," kaka yake akamwita. "Ni mtu wao."

"Ni mtu wetu," Dobi akasema, akamshika Mpiga Chapa kwapa moja, Mhunzi la pili, wakampandisha mkokotenini.

Wengine walitawanyika vichochoroni. Mpiga Chapa alikata roho saa sita mchana, kwenye msitu nje ya mji, kichwa chake mapajani mwa Dobi. Walimchimbia kaburi kwa nyundo na kucha. Mhunzi alilia bila kujificha.

"Miaka saba, na sijui hata kwao wanazikaje."

"Mzike kama ungemzika ndugu yako," Dobi akamwambia. Walipomaliza kufukia, akasema, "Nioe."

"Leo?"

"Leo. Kesho hatujapewa."

Mhunzi alijifuta udongo, akamgeukia kaka yake Dobi na kumwomba ruhusa kama inavyostahili. Kaka alimtazama shemeji aliyempiga nyundo. Akasema amekubali, ila waoane huku wanatembea, kwa sababu mbwa wa msako wameshaanza kusikika.