Stendi Nyekundu ya Kabula

Kila Jumamosi asubuhi Kabula alifuta vumbi kwenye kamera ya shangazi yake. Na vumbi la Itetemia, mtaa wao pale Tabora, jamani, halina adabu! Linaingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Lakini kamera ilipaswa kung'aa, kwa sababu Shangazi Bertila alikuwa mpiga picha wa harusi na mahafali, na kamera hiyo kubwa yenye lenzi ndefu ndiyo iliyowalisha wote wawili.

Jumamosi hii Kabula alifuta huku akiimba. Shule yake ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya ngoma, na shangazi alikuwa amemwahidi jambo kubwa: safari hii kamera ataisimamia yeye. Uwanja ungejaa watu, kwa hiyo kamera ingefungwa juu, kwenye bomba la ukingo wa jukwaa. Kilichokosekana ni stendi ndogo yenye miguu ya vipingili, ile inayopindika na kuzungushwa kwenye bomba.

"Nenda dukani kwa Najiat," shangazi alisema. "Beba kamera na lenzi yake. Stendi haichaguliwi kwa macho. Ifunge mahali, weka kamera juu, uone kama inaihimili. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Alisikia, ndiyo, lakini begi lilikuwa zito, jua lilikuwa kali, na huko njiani angekutana na wenzake wa darasani, wamcheke na libegi lake lililoshonwa kwa uzi wa viatu. Shangazi alipoingia kuoga, Kabula akalisukuma begi chini ya kitanda na kuondoka mikono mitupu.

Bi Najiat alikuwa Mzaramo aliyeolewa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati wapagazi wa Kinyamwezi walipotwishwa mizigo mpaka pwani. Basi hakuna Mnyamwezi, Kabula akiwemo, aliyeingia duka lile akatoka bila kuchokozwa.

"Shikamoo, Bi Najiat."

"Marahaba, mtumwa wangu. Leo umekuja kununua nini?"

Kabula akacheka, akaeleza. Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye stendi nyekundu, nyembamba, nzuri ajabu. Bi Najiat akatikisa kichwa, akamwekea mezani nyingine nyeusi, yenye miguu minene.

"Hiyo nyekundu ni ya simu. Kamera ya Bertila itaiinamisha kama mgomba. Kamera iko wapi tuijaribu?"

"Nimeiacha nyumbani. Nzito."

"Mungu wangu! Babu zako walibeba mizigo toka huku mpaka kwetu, wewe kamera tu imekushinda? Mjukuu wa wapagazi hajui kupima mzigo!"

Wateja wakaangua kicheko. Kabula akahisi masikio yanawaka moto. Ah, huyu naye! Kila kitu kwake utani tu. "Nataka nyekundu," alisema kwa ukali.

"Mtoto, hapa sitanii."

"Nyekundu!"

Bi Najiat akaguna, akamfungia. Nyumbani Kabula alilichomoa begi chini ya kitanda kabla hajaonekana. Shangazi aliuliza swali moja tu: "Umeijaribu na kamera?" Kabula akajibu bila kupepesa macho, "Ndiyo. Bi Najiat amesema inafaa kabisa."

Jioni walikwenda uwanjani kufanya majaribio. Kabula akaizungusha miguu ile myekundu kwenye bomba, akapachika kamera. Shangazi, kama kawaida yake, akafunga mkanda wa kamera kwenye bomba kwa fundo. Kabula alipoigeuza lenzi upande, vipingili vikaanza kulegea. Kamera ikainama, ikainama zaidi, kisha puu! Ikachomoka. Mkanda ukaidaka, lakini kamera ikabembea na kugonga bomba, na kioo cha kinga cha lenzi kikapasuka.

"Ni yule Bi Najiat!" Kabula akapiga kelele kabla shangazi hajafungua mdomo. "Ameniuzia kitu kibovu!"

Shangazi akachunguza lenzi. Lenzi yenyewe ilikuwa nzima. Hapo hofu ikamtoka, ikaingia hasira. Akaifungua kamera na stendi kwenye bomba, akavitia begini. Akamshika Kabula mkono, wakaenda dukani mbio mbio.

"Najiat!" alifoka toka mlangoni. "Unamtapeli mtoto? Kamera ndiyo jembe langu! Tapeli mkubwa wewe!"

Wateja wakageuka. Mteja mmoja akarudisha mezani chaja aliyokuwa ameishika, akatoka taratibu. Bi Najiat alimtazama akiondoka. Hakutania.

"Bertila, wewe niite majina yote unayoyajua, sisi ni watani. Lakini tapeli? Mbele ya wateja wangu?" Akamwelekezea Kabula kidole. "Muulize mtoto wako nilimwambia nini."

Shangazi akageuka. Kabula alikuwa bado amekunja uso. Alitaka kuendelea kumchukia Bi Najiat, alijitahidi kweli, lakini kila alipomtazama usoni hasira ile ilikosa pa kukaa. Akagundua aliyemkasirikia tangu asubuhi ni yeye mwenyewe.

"Aliniambia nichukue nyeusi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilidhani ananicheka tu. Na kamera sikuibeba, Shangazi. Niliificha chini ya kitanda. Nilikudanganya."

Shangazi alishusha pumzi ndefu. Kisha akafanya jambo ambalo Kabula hakulitarajia: alipiga magoti mbele ya watu wote. "Nisamehe, Najiat. Niliwaka kabla ya kuuliza."

"Inuka, bwana, utachafua gauni," Bi Najiat alisema, akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kisha akaileta ile stendi nyeusi. Safari hii Kabula mwenyewe aliifunga kwenye nondo ya dirisha, akapachika kamera na lenzi yake, akaigeuza kila upande, akaikandamiza kwa kiganja. Haikutikisika.

"Kuchagua stendi mbovu ni kosa dogo," shangazi alimwambia. "Tumeshabadilisha, limekwisha. Lakini ulinipa uongo, nikaubeba mpaka hapa nikidhani ni kweli, nikamtwisha mtu asiye na hatia. Angepoteza jina lake kwa sababu wewe uliona aibu kubeba begi. Ukikosea, sema umekosea, hata kama unatetemeka."

"Na kamera ya jukwaani?" Kabula aliuliza kwa sauti ndogo.

"Utaisimamia. Na begi utalibeba wewe, leo na kila harusi."

Kabula akajitwika begi begani. Walipofika mlangoni, Bi Najiat akaita kwa nguvu, "Wee mpagazi! Mzigo umekaa sawa?"

Watu wakacheka. Kabula akasimama, akaupima mkanda wa begi kwa mkono.

"Bado, Bi Najiat," akajibu. "Ngoja niufunge upya."